Wanaodharau Biskuti za Stesheni

Dubu wa mbao ni miongoni mwa zawadi zinazojulikana sana za Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Manyoya yake huchorwa kwa patasi, mchirizi baada ya mchirizi, na mara nyingi huwa amebana samaki mdomoni. Mgeni anayesimama mbele yake dukani huambiwa kwamba hapo ndipo penye Japani ya kweli: kazi ya mkono, mti wa msituni, mila ya kale. Asili ya dubu huyo ni hii. Mwaka 1921 Tokugawa Yoshichika, mkuu wa ukoo maarufu uliomiliki shamba kubwa katika mji wa Yakumo, alisafiri kwenda Ulaya. Huko Uswisi akaona vinyago vya mbao ambavyo wakulima walikuwa wakichonga majira ya baridi na kuwauzia watalii. Akanunua baadhi, akarudi navyo, akawashauri wakulima wa Yakumo, waliokaa miezi mingi ya theluji bila kipato, nao wajaribu. Dubu wa kwanza wa Yakumo alichongwa mwaka 1924. Katika muongo huohuo Waainu wa Asahikawa, wenyeji wa asili wa Hokkaido ambao ufundi wao wa kuchonga ulikuwa wa kale zaidi, wakaanza kuchonga dubu wa kuuza kwa mkono wao na kwa jicho lao wenyewe.

Kwa hiyo zawadi inayosifiwa leo kwa ukale wake ilitokana na zawadi nyingine, iliyosafiri ndani ya sanduku la mtalii. Habari hii haimvunjii dubu heshima. Inachovunja ni kauli inayowatawala wasafiri wa siku hizi: kwamba zawadi ya maana kutoka Japani sharti iwe kitu cha asili, kilichotengenezwa kwa mkono, ikiwezekana cha ghali na cha kale, na kwamba vingine vyote, yaani makasha ya biskuti ya stesheni, kalamu, taulo, majani ya chai ya dukani, ni takataka za watalii. Kauli hiyo imejaa katika vitabu vya mwongozo na katika ushauri wa kila aliyetangulia kwenda. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na wengi wao walizunguka mitaa ya Kyoto na Tokyo wakiwa na wasiwasi kwamba wakinunua kitu kilichopangwa rafuni kwa mamia watakuwa wamedanganywa.

Ni kauli potofu. Haiijui historia ya jambo inalolihukumu, na inamsahau mtu ambaye zawadi ni yake.

Historia yenyewe inaanzia barabarani. Katika enzi ya Edo (1603–1868) mkulima wa Japani hakuruhusiwa kusafiri ovyo, lakini safari ya kuhiji hekalu kuu la Ise ilikuwa na ruhusa. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kaya moja. Wanakijiji wakaunda vyama, wakachanga, kisha wakapiga kura kumpata atakayekwenda kwa niaba ya wote. Kuna miaka ambapo mafuriko ya mahujaji yalizidi kiasi; mwaka 1830 waliomiminika Ise walihesabiwa kwa mamilioni. Aliyekwenda kwa fedha za wenzake hakuweza kurudi mikono mitupu. Alirudi na hirizi za karatasi kutoka hekaluni, kalenda za Ise, mapepeo, vitu vyepesi vya kuweza kubebwa mgongoni kwa siku nyingi za kutembea na kutosha kugawiwa kwa wote waliochanga. Njiani kulikuwa na watu waliotengeneza vitu hivyo kwa wingi na kwa haraka, maana wanunuzi hawakuwa na muda. Duka la Akafuku, linalouza keki laini za mchele zilizofunikwa na maharage mekundu yaliyopondwa, lilifunguliwa Ise mwaka 1707 kuwahudumia wapita njia hao. Lipo hadi leo.

Wingi, wepesi, bei ndogo, kugawika: sifa zilezile ambazo mkosoaji wa leo anazihesabu kuwa dosari ndizo zilizoijenga mila yenyewe. Reli ilipokuja, na njia ya Tokaido kati ya Tokyo na Kobe kukamilika mwaka 1889, mwendo ulifupika na vyakula ambavyo zamani vingeharibika njiani vikaweza kufika nyumbani. Kila stesheni ikapata kitu chake. Kyoto ilikuwa na yatsuhashi, biskuti ya unga wa mchele yenye harufu ya mdalasini. Kamakura ikawa na biskuti ya siagi yenye umbo la njiwa. Hiroshima ikawa na keki ndogo yenye umbo la jani. Mjapani anayerudi kazini baada ya likizo hubeba kasha moja la vitu kama hivyo, kila kipande kikiwa ndani ya karatasi yake, akaweka kimoja kimoja mezani pa wenzake waliobaki wakifanya kazi yake. Juu ya kasha imeandikwa idadi ya vipande na tarehe ya mwisho wa kuliwa, kwa sababu mnunuzi anahesabu watu kabla ya kuhesabu pesa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Anayetoka Unguja au Lamu hubeba halua, anayetoka Tabora hubeba asali, anayepita Muheza hushusha gunia la machungwa. Hakuna aliyewahi kumlaumu msafiri wa Unguja kwa kuleta halua badala ya mlango wa nakshi.

Wakosoaji wana hoja yao wanayoipenda, nayo ni Tokyo Banana. Keki hiyo laini, yenye umbo la ndizi na krimu ya ndizi ndani, ilianza kuuzwa mwaka 1991, na Tokyo hailimi ndizi. Ndizi zinazoliwa Japani karibu zote huletwa kwa meli, nyingi kutoka Ufilipino. Basi, wanauliza, kitu hiki kina uhusiano gani na Tokyo? Uhusiano ni kwamba watu wa Tokyo hununua, hubeba na kugawa. Mji ule umejaa watu waliotoka mikoani, wanaorudi kwao mwaka mpya na katikati ya Agosti, na walihitaji kitu cha kupeleka ambacho mama mzazi na mtoto wa jirani watakipenda sawasawa. Miaka zaidi ya 30 ya watu kupanga foleni stesheni kwa ajili ya ndugu zao ni mila, hata kama haikuandikwa katika kitabu chochote cha historia ya sanaa.

Na anayedhani kwamba Wajapani wenyewe huzichukulia biskuti hizi kama mchezo aukumbuke mwaka 2007. Mwaka huo ilibainika kwamba Akafuku, pamoja na kampuni ya Ishiya ya Sapporo inayotengeneza Shiroi Koibito, biskuti nyembamba zenye chokoleti nyeupe katikati, zilikuwa zimechezea tarehe kwenye vifungashio. Ilikuwa fedheha ya taifa zima. Akafuku ilifungiwa biashara kwa miezi kadhaa, na rais wa Ishiya akajiuzulu. Nchi haitikisiki hivyo kwa ajili ya takataka za watalii. Ilitikisika kwa sababu mtu aliyempa mkwewe kasha lile alikuwa ametoa neno lake pamoja nalo.

Shutuma nyingine husema kwamba kilichotengenezwa kwa ajili ya mgeni si cha kweli. Hapa Afrika Mashariki ina ushahidi wake, tena mzito. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilichapwa Japani, katika viwanda ambavyo wafanyakazi wake hawakuvaa kanga wala kusema Kiswahili. Zilitengenezwa kwa ajili ya soko la mbali tu. Wanawake wa pwani walizipokea, wakazichagua kwa rangi na kwa jina, wakazifungia watoto mgongoni, wakajifunika nazo msibani. Kwa kauli ya wasafiri wetu, zile zilikuwa bidhaa bandia. Bibi yeyote aliyetunza doti yake sandukuni angekataa kabisa.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikuwa vivyo hivyo. Huko huko Ise, katika eneo la Futami, Wajapani walianzisha makumbusho ya vinyago vya Kimakonde. Kati ya mitindo iliyowavutia wakusanyaji duniani ni ule wa mashetani, ambao ulizuka Dar es Salaam katika miaka ya 1950 mikononi mwa mchongaji Samaki Likankoa, na ambao ulipata wanunuzi kupitia duka la mfanyabiashara Mohamed Peera. Wanunuzi hao wengi wao walikuwa wageni. Je, mashetani wa Likankoa si sanaa ya kweli kwa sababu waliuzwa? Dubu wa Yakumo, vinyago vya Dar es Salaam, wanasesere wa mbao wa kokeshi waliochongwa na mafundi wa Tohoku, kaskazini mwa Japani, kwa ajili ya watu waliokuja kuoga kwenye chemchemi za maji moto: vyote vilizaliwa sokoni, mkononi mwa fundi aliyetaka kula na mgeni aliyetaka kukumbuka. Anayetafuta kitu ambacho soko halijakigusa atatafuta sana.

Lakini hoja ya wapenda asili ina upande wenye uzito, nao unastahili jibu la haki. Wanasema: mafundi wa Japani wanazeeka, vijana hawarithi kazi, na fedha ya mgeni ikienda kwenye kiwanda cha biskuti fundi wa kauri anakufa njaa. Ni kweli kwamba kazi nyingi za mikono ziko hatarini. Swali ni zitaokolewa na mnunuzi wa aina gani.

Wajapani walilijibu swali hilo kwa sheria. Sheria ya mwaka 1974 ya kuendeleza ufundi wa jadi inaweka masharti ambayo kazi lazima iyatimize ili itambuliwe na serikali. Mbinu iwe imedumu kwa takriban miaka 100. Malighafi iwe ile ya jadi. Sehemu kubwa ya kazi ifanyike kwa mkono. Sharti linalotajwa mwanzo kabisa, hata hivyo, ni kwamba kitu hicho kiwe cha kutumika katika maisha ya kila siku. Bakuli la kulia, kitambaa cha kufungia, mkeka, jembe. Kitu cha kuwekwa kabatini na kuangaliwa tu hakikukusudiwa hata na sheria inayolinda jadi.

Nusu karne kabla ya sheria hiyo, Yanagi Soetsu alikuwa ameshasimama upande huo. Yanagi ndiye aliyeongoza vuguvugu la sanaa ya watu wa kawaida, na mwaka 1936 alifungua makumbusho yake katika mtaa wa Komaba, Tokyo. Alichokitukuza ni vyombo vilivyotengenezwa kwa wingi, kwa bei ya chini, na watu wasioandika majina yao chini ya chombo. Alizipenda picha za Otsu, zilizochorwa haraka haraka na kuuzwa kwa senti chache kwa wasafiri wa barabara ya Tokaido. Yaani, mtu ambaye jina lake hutumiwa kuhalalisha chombo cha ghali kisichoguswa alikusanya zawadi za watalii za karne ya 17 na 18, akaziita nzuri.

Anayetaka kumsaidia fundi, basi, anunue kitu ambacho kitachakaa. Kuna kitambaa cha pamba kinachoitwa tenugui, upana wa sentimita 35 hivi na urefu wa 90, chenye michoro iliyotiwa rangi hadi upande wa pili. Miisho yake haipindwi, hivyo hukauka haraka. Hufutia mikono, hufunga kichwa, hufungashia chakula, hutundikwa ukutani. Bei yake ni yeni elfu moja au mbili. Shangazi akipewa tenugui Jumamosi, Jumapili ameshaitumia, na wiki inayofuata jirani anauliza imetoka wapi. Bakuli la chai la yeni 40,000 litafungiwa kabatini kwa hofu ya kuvunjika.

Dhara kubwa zaidi la kauli ya asili linaonekana pale inapomsukuma msafiri kununua vitu vya ibada. Kwa kuwa kila cha kale kinahesabiwa bora, vitabu vya mwongozo hupendekeza hirizi za omamori, vifuko vidogo vya hariri vinavyotolewa mahekaluni, kana kwamba ni vitu vya kutundikia funguo. Omamori ni sehemu ya dini. Ina maombi ndani yake, haifai kufunguliwa, na desturi ni kuirudisha hekaluni baada ya mwaka mmoja. Mwanasesere mwekundu wa Daruma, ambaye mara nyingi hutengenezwa Takasaki, ana sura ya mtawa Bodhidharma, na hupakwa jicho moja wakati wa kuweka nia na la pili nia inapotimia. Mjomba anayeswali msikitini Pangani, au mama wa kwaya Machakos, anapokabidhiwa hirizi ya dini nyingine na mtoto wake mwenyewe, anawekwa mahali pagumu: aikatae zawadi, au aiweke nyumbani akiwa na dukuduku. Hakuna sababu ya kumtendea hivyo. Kasha la biskuti lisingemfikisha hapo.

Hata biskuti, hata hivyo, zinahitaji jicho la yule atakayezila, na hapa ndipo ushauri wa maana unapohitajika badala ya mahubiri juu ya asili. Vitamu vingi vya Japani vina gelatini, au mafuta ya nguruwe, au pombe ya mchele, na maandishi ya kasha yako kwa Kijapani. Keki za Akafuku hudumu siku mbili au tatu. Hazifiki Dar es Salaam. Chokoleti itayeyuka kabla ya teksi ya uwanja wa ndege kufika Kariakoo. Kipo kitu kimoja kinachoshinda vikwazo vyote hivi, nacho ni yokan: kipande kigumu kiasi, chenye kung'aa, cha maharage, sukari na kanten, ambayo ni kigandishi kinachotokana na mwani wa baharini. Hakina gelatini wala maziwa, na kikifungwa vizuri hukaa takriban mwaka mzima bila friji. Toraya, duka ambalo limelisha vitamu kasri la mfalme tangu karne ya 16, hukiuza katika vipande vidogo vya kugawa mmoja mmoja. Viko uwanja wa ndege. Mtaalamu wa asili atapita mbele yake bila kugeuza shingo kwa sababu kiko uwanja wa ndege.

Kuhusu chai, ukali wa maneno unastahili. Mapenzi ya dunia kwa matcha, unga wa chai ya kijani, yakichochewa na imani kwamba huo ndio unga wa Japani halisi, yalifikia mahali ambapo mwaka 2024 maduka makongwe ya Kyoto na Uji, kama Ippodo na Marukyu Koyamaen, yalilazimika kuweka kikomo cha makopo kwa kila mteja. Wageni walibeba unga ambao huanza kupoteza harufu mara kopo linapofunguliwa, wakawapelekea watu wasio na kifagio cha mwanzi cha kuukorogea. Wakati huohuo hojicha, majani yaliyokaangwa yenye harufu nzito, ilikuwa imejaa kwenye maduka ya kawaida ya vyakula kwa bei ndogo. Familia nyingi za Kijapani hunywa hiyo jioni. Inahitaji birika na maji moto tu.

Lawama moja dhidi ya biskuti za stesheni inabaki na nguvu yake, na haifai kupuuzwa: plastiki. Kipande ndani ya mfuko, mfuko ndani ya trei, trei ndani ya kasha, kasha ndani ya karatasi, na vyote ndani ya mfuko wa kubebea. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na msafiri hana haki ya kurudi na lundo lake. Karatasi ya nje na mfuko wa duka vinaweza kukataliwa kaunta kwa ishara ya mkono. Mfuko wa kila kipande utabaki, kwa kuwa ndio unaowezesha kugawa. Hilo ni deni la kweli, na watengenezaji wa Japani wanapaswa kulilipa kwa kutafuta vifungashio vingine.

Mwisho kuna visu, ambapo mabishano haya hufika kileleni. Mtaa wa Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa mjini Tokyo, umejaa maduka ya vyombo vya jikoni, na huko mgeni hushauriwa achukue yanagiba kutoka Sakai: kisu kirefu chembamba, kilichonolewa upande mmoja, cha chuma chenye kaboni nyingi. Ni chombo adhimu mkononi mwa mpishi anayekata samaki mbichi kila siku. Pembeni yake kipo santoku, kisu kipana cha nyumbani kilichoenea katika karne ya 20 kikichanganya umbo la visu vya Ulaya na mahitaji ya jiko la Kijapani, na wajuzi hukitazama kwa dharau kwa sababu ya uchanga wake. Anayemnunulia mama aliyeko Tanga achague santoku, tena ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na kaboni. Maduka mengi ya mtaa ule huchonga jina la mwenye kisu kwenye bapa lake. Liandikwe la mama, na kisu kipakiwe kwenye mzigo wa chini ya ndege. Jiko la kupikia wali la umeme liachwe dukani, maana umeme wa Japani ni volti 100 na wa Tanga ni 230. Santoku hiyo itakatia vitunguu vya pilau, mchicha, na changu wa kupaka, kila siku, kwa miaka. Yanagiba ingebaki ndani ya kasha lake, ikipakwa mafuta ili isioze kwa kutu.